Mvuke wa Ngazi Saba

Karatasi yoyote yenye jina la Mungu ndani yake huwa naisoma mara mbili kabla ya kutia sahihi. Ndiyo maana Colleen Dougher aliponiletea ile karatasi ya kiapo niliisoma mara mbili, nikamrudishia kalamu yake, nikamwambia anipigie kwanza hiyo santuri iliyotajwa humo niisikie.

"Bi Verlene, si iko hapo ukutani miaka thelathini?"

"Kilichoko ukutani ni jalada. Santuri yenyewe sijawahi kuisikia."

Alicheka akidhani namtania. Colleen ni mwalimu wa sekondari, kila Ijumaa yuko hapa na banjo yake, na ndiye aliyekuwa akihangaikia kesi yetu bila kulipwa chochote. Aliponiona sicheki akavaa koti, akavuka barabara kwenda kuazima gramafoni kwa kinyozi.

Wakati bado hajarudi, acha niseme nyumba hii ni nyumba gani.

Ngazi Saba ni mkahawa wa muziki chini ya jengo la matofali, Mtaa wa Kessler, hapa Philadelphia. Unashuka ngazi saba kutoka barabarani, ukiwa mrefu unainamisha kichwa, umeingia. Zamani palikuwa kwa dobi. Mwaka 1961 mwanamke mmoja Myahudi, Estelle Brodkin, alikuwa mkutubi, akachoka kuwaambia watu wanyamaze. Akapakodi, akaagiza mashine ya kahawa ya Kiitaliano kubwa kama kifua cha ng'ombe, akabandika tangazo: mwenye gitaa na wimbo wa kweli aje. Pombe haikuwapo, na haipo mpaka leo. Ingekuwapo nisingekanyaga.

Mimi niliingia mwaka uliofuata, kwa sababu ya keki. Estelle alinunua kipande cha keki yangu ya tangawizi kwenye bazaa ya kanisa letu, akakila kwa kusimama, kisha akanifuata jikoni.

"Nani kaoka hii?"

"Kwani imekuuma tumbo?"

"Nataka kumi kila Ijumaa."

Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, nimetoka Orangeburg, South Carolina, na darasa la sita kichwani, maana baada ya hapo pamba ilinihitaji kuliko mwalimu. Mume wangu, Ransom Gadsden, alikuwa seremala na shemasi. Nilimuuliza kama ni sawa mke wa shemasi kupika mahali pa namna ile. Alikwenda mwenyewe kuangalia. Akarudi akasema, "Wanaimba kuhusu watu waliokufa mgodini. Hata Zaburi zina huzuni. Nenda." Baada ya wiki mbili na yeye alikuwa huko na msumeno, anatengeneza jukwaa kutokana na milango ya zamani ya dobi. Mabenchi yote ishirini na mawili ni kazi ya mikono yake. Ukipapasa chini ya kila kiti utakuta amechonga msalaba mdogo, usioonekana.

Kanisani walisema sana. Aliyesema kuliko wote ni rafiki yangu Ola Mae Truesdale.

"Verlene, unawapikia keki wale wasionyoa ndevu, wanaoimba nyimbo za wanaume wanaochinja wachumba zao mtoni?"

"Wanasema asante, Ola Mae. Wewe umekula keki yangu miaka mitatu, sijaisikia."

Sasa, ile mashine. Ilikuwa inatoa kahawa nzuri, sikatai, lakini kuchemsha maziwa ilikuwa inapiga kelele kama treni inayoingia stesheni. Jioni moja alikuja bibi mmoja kutoka milima ya Virginia, macho yake hayaoni, akaimba bila chombo chochote. Akafika mahali mama anampoteza mwanawe, mimi nikafungua mvuke. Fssss! Akanyamaza, akasubiri. Mvuke ulipokwisha akaanza upya tangu mwanzo. Akafika palepale, mteja mwingine kaagiza kahawa ya povu, nami sijui nifanye nini, nikafungua tena. Yule bibi akageuza uso jikoni, akasema kwa upole, "Binti, mmoja wetu angoje."

Nilitamani kuingia ndani ya lile birika la maziwa.

Kesho yake Ransom alinyanyua ubao mmoja wa jukwaa, akapitisha waya chini ya sakafu mpaka jikoni, akaufunga kwenye kengele ndogo ya shaba iliyokuwa ikikaa mezani kwa dobi. Mwimbaji akiwa tayari anakanyaga kipande cha mbao: ting! Hapo mimi nafunga mvuke, vikombe vinakaa, wahudumu wanasimama walipo na masinia yao, hata kama mkono unatetemeka. Wimbo ukiisha tunaendelea. Hakuna wimbo uliosamehewa, mzuri au mbaya. Watu walizoea. Wengine waliudhika.

"Bi Verlene, huyu wa leo ana beti ngapi?"

"Kumi na tisa. Kunywa maji."

Na Ransom, pamoja na kengele aliyoifunga yeye mwenyewe, hakuiamini. Alikuwa akisimama kwenye mlango wa jikoni, na kila kengele ikilia ananong'ona, "Vee, mvuke." Nami namjibu, "Nimesikia, mzee." Kila wimbo. Ijumaa na Jumamosi, nyimbo ishirini kwa jioni moja, miaka tisa. Mara nyingine nilitaka kumtupia kitambaa cha vyombo. Alifariki mwaka 1971, moyo, akiwa anapanda ngazi hizi hizi. Ijumaa iliyofuata kengele ililia, nikafunga mvuke, nikajikuta namjibu mtu asiyekuwapo.

Estelle naye alikufa, mwaka 1983, akaniachia mkataba wa kupanga na zile funguo. Tangu hapo nimeiendesha mimi. Kuna miaka tulikuwa na watu sita kwenye mabenchi ishirini na mawili. Tuliwaimbia hao sita, na mvuke nilifunga.

Huyo Lyle Tarrant wa kwenye santuri alikuwa kijana wa nchi ya makaa ya mawe, kaskazini huko, mwembamba kama ufito. Aliosha vikombe vyangu miezi mitano kabla Estelle hajamruhusu kupanda jukwaani. Mwaka 1965 ikatoka santuri yake, jalada limeandikwa kwamba imerekodiwa Ngazi Saba, Mei 1964, na kuanzia hapo dunia nzima ikamtaka. Hakurudi tena. Alikufa kwa ajali ya gari akiwa bado kijana. Estelle alitoa santuri kwenye jalada, akatundika jalada ukutani, akasema, "Hii haipigwi humu ndani." Nilidhani ni uchungu wa kuachwa. Nyumbani mimi nasikiliza nyimbo za kanisani tu, na hapa tulikuwa na waimbaji wenyewe, kwa hiyo ikapita hivyo.

Mwaka huu wa 1996 mwenye jengo ametaka kulibomoa, paegeshwe magari. Sheria ya jiji inasema jengo lililotokea jambo kubwa haliwezi kubomolewa, na wanaoamua ni baraza la majengo ya kale. Colleen akasema jambo letu kubwa ni hiyo santuri. Nani asiyeijua? Tulichokosa ni shahidi aliye hai, aliyekuwapo, na shahidi ni mimi.

Colleen akarudi na gramafoni. Tukaiweka juu ya kaunta. Santuri aliinunua kwa mzee wa vitu vya zamani.

Wimbo wa kwanza sauti ya Lyle ilitoka kama jana. Nilishika ukingo wa kaunta. Wimbo wa pili ni ule wa taa ya mchimbaji, na kwenye ubeti wa tatu nikasikia: fssss. Vikombe vikagongana. Mtu akacheka kwa mbali.

"Zima," nikasema.

"Bado haujafika ule ubeti wa—"

"Zima, Colleen. Hii si nyumba yangu."

Akaniangalia. "Ni sauti ya mvuke tu, Bi Verlene. Mkahawa una mvuke."

"Mkahawa mwingine. Hapa mvuke haujatoka katikati ya wimbo tangu kengele ilipofungwa."

"Hata mara moja? Miaka thelathini na minne?"

"Mara moja. Mwaka 1969, nilipoungua mkono nikaachia vali. Na Lyle alikuwa ameshaondoka siku nyingi."

Alikaa kwenye benchi. "Labda siku hiyo hukuwapo. Labda alikuwapo mtu mwingine jikoni."

"Mei 1964 nilikuwapo kila jioni. Mwezi wa nne ndio niliumwa."

"Bi Verlene," akasema polepole, kama anavyosema na mtoto aliyekataa mtihani, "mimi nakuamini. Lakini jalada limeandikwa Ngazi Saba. Vitabu vimeandika Ngazi Saba. Hakuna mtu duniani atakayebisha. Unaweka sahihi tu."

"Niape kwamba mvuke ule ni wa kwangu? Nitamwambia nini Ransom?"

"Tukiikosa hii hatuna kitu."

"Basi hatuna kitu. Tutakwenda nacho hivyo hivyo."

Akaondoka bila kuchukua keki aliyofungiwa. Sikumlaumu.

Nisijifanye malaika. Alipoondoka nilipita benchi moja moja nikipapasa misalaba ya Ransom chini ya viti. Nilijua kabisa kwamba nikisema ndiyo hakuna wa kunisuta. Hata Ola Mae, ambaye tangu Estelle afe ameanza kuja na kwaya yake Jumamosi moja kwa mwezi na sasa anajiita mlezi wa nyumba, alinishika baada ya ibada ya Jumapili.

"Mungu anaujua moyo wako, dada. Sahihi moja."

"Ola Mae, wewe si ndiye uliyesema ile nyumba ni jiko la shetani?"

"Nilisema zamani. Shetani alishahama."

"Basi nisimrudishe mimi."

Akavuta midomo, akaenda zake na kofia yake ya manyoya.

Jumanne tukapanda ghorofa ya tatu ya jumba la jiji. Wajumbe tisa nyuma ya meza ndefu, mwenyekiti ni Bi DiSipio, mama mfupi mwenye miwani ya mnyororo. Upande wa pili wakili wa mwenye jengo, Bwana Whitcomb, suti ya kijivu, viatu vinavyong'aa. Nilikubaliana na Colleen nizungumze historia tu, yeye asiitaje santuri. Tatizo ni kwamba barua yake ya mwanzo ilikuwa imeshaitaja. Nilipomaliza kueleza habari za dobi na jukwaa, Bi DiSipio akanyanyua lile jalada.

"Mama Gadsden, mume wangu alinibembeleza na santuri hii. Ndiyo iliyorekodiwa kwenu?"

Nikaomba Biblia.

"Hapa si mahakamani, mama. Si lazima."

"Kwangu ni lazima."

Nilikuwa na yangu kwenye mkoba. Nikaiweka mezani, mkono juu. Nikasema Lyle Tarrant alijifunza kusimama mbele ya watu kwenye jukwaa la mume wangu, na nyimbo zile aliziimba kwetu nikizisikia, lakini santuri ile ina mvuke katikati ya wimbo, na kwetu mvuke haukuwahi kutoka katikati ya wimbo wa Lyle. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ilirekodiwa kwetu.

Nyuma yangu nikasikia watu wetu wakitoa pumzi kwa kukata tamaa, kama tairi inayoishiwa upepo. Colleen aliinamisha kichwa.

Bwana Whitcomb akasimama akitabasamu. "Nataka kumshukuru mama huyu kwa ukweli wake."

"Usinishukuru, Bwana. Sikuusema kwa ajili yako."

Mjumbe mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Bi DiSipio akalaza jalada mezani, akasema baraza litaamua baada ya wiki mbili, mwenye ushahidi mwingine alete.

Gazeti likaandika asubuhi yake: Mama wa Keki Aikana Santuri Maarufu. Kuna mtu alibandika kipande hicho kwenye mlango wetu, na mwingine akaandika chini yake kwa kalamu: Asante kwa kutuuza. Nilikiacha kikae. Ola Mae hakunisalimu Jumapili mbili.

Mimi nikanunua daftari. Nilisema kama nyumba inaanguka, ianguke na historia yake ya kweli, isiwe ya jalada. Kila asubuhi baada ya kusali nilikaa kwenye benchi la mbele nikaandika. Yule bibi wa Virginia. Basi la Agosti 1963 lililoondoka mbele ya ngazi zetu kwenda Washington kwenye maandamano ya haki za weusi, na keki thelathini za tangawizi ndani yake. Majira ya baridi mabomba yalipoganda tukaimba tumevaa makoti, na Estelle akisoma majina ya waimbaji kwa sauti ileile ya maktaba. Mwandiko wangu ni wa darasa la sita, na mahali nisipojua tarehe niliandika sijui. Nilifika ukurasa wa arobaini na moja.

Ijumaa ya wiki ya pili, saa kumi alasiri, kabla hatujafungua, nikasikia fimbo kwenye ngazi. Moja, mbili, tatu, anapumzika. Akaingia mzee wa Kizungu mwenye nyusi nene, kwapani kabeba sanduku bapa la bati.

"Tumefunga mpaka saa moja," nikasema.

"Wewe ndiye mwanamke wa mvuke."

"Inategemea nani anauliza."

"Mort Penzer. Nilikuwa fundi wa kurekodi." Akaketi bila kukaribishwa, akaweka sanduku magotini. "Naomba kahawa kabla sijasema, maana nikishasema hutanipa."

Nikampa, na keki juu yake. Alikula yote. Colleen alikuwa amefika kupanga viti, akasogea.

"Ile santuri," mzee akasema, "ilirekodiwa hapa. Mei 1964, jioni tatu. Nilitundika maikrofoni moja mbele ya kijana na nyingine pale, juu ya kaunta yako, ninase watu. Uliniona, ila hukujua nafanya nini. Ulisema nisiweke sanduku langu karibu na unga wako."

Nikamwangalia vizuri. Nikamwondolea mvi, nikamrudishia nywele nyekundu. "Wewe ndiye uliyekanyaga ndoo."

"Ndiye."

"Na mvuke je?"

Akasugua kifundo cha fimbo. "Nilipeleka utepe kwa mkubwa wa kampuni. Akasikiliza, akasema, 'Mort, huu ni mkahawa au makaburini? Hakuna kikombe, hakuna kikohozi. Nani ataamini kuna watu humu?' Nikamwambia ndivyo nyumba ilivyo. Akasema hakuna anayenunua nyumba ya namna hiyo, katafute mkahawa. Nikaenda kwenye hoteli moja karibu na stesheni ya mabasi, nikarekodi mashine yao mchana kutwa, na vikombe, na wahuni wawili wanacheka. Nikavichanganya ndani. Kila mtu alisifu. Walisema, yaani unajiona umeketi mle mle."

"Estelle alijua?"

"Aliniandikia barua. Sitarudia maneno yake mbele ya mama wa kanisa."

Colleen alikuwa amefumba mdomo kwa mkono. Mimi nilikuwa nimesimama na birika mkononi, hasira na furaha zinasukumana, sijui ipi ipite kwanza.

"Miaka thelathini na miwili umekaa na jambo hili?"

"Hakuna aliyeniuliza. Ungesema ni kweli, ningekaa nalo mpaka kaburini. Ila niliposoma kwamba kuna mtu ameukataa ule mvuke, na yuko tayari kupoteza nyumba kwa ajili hiyo..." Akagonga sanduku. "Huu ndio utepe wenyewe. Kabla sijauharibu. Nilikuwa nakata yale yote ya kabla ya wimbo kuanza, lakini kwenye huu yamo."

"Tuupige sasa hivi!" Colleen akaruka.

"Hapana," nikasema. "Baraza lisikie pamoja nami. Nisije nikaambiwa nimefundishwa la kusema."

"Bi Verlene, na kama haufanyi kazi?"

"Basi tutajua wote kwa pamoja."

Siku ya kikao cha pili chumba cha ghorofa ya tatu kilijaa mpaka kwenye korido. Ola Mae alikuwapo na nusu ya kwaya. Bwana Penzer alileta mashine yake ya zamani ya tepu, akasafisha vichwa vyake vya kusomea utepe kwa pamba na spiriti huku Bwana Whitcomb akipinga hiki na kile. Bi DiSipio akamwambia aketi, wajumbe wana masikio.

Nikaweka Biblia yangu mezani. Mzee akabonyeza.

Kwanza ilikuwa minong'ono ya watu, kiti kinavutwa. Vikombe vyangu, nilivijua, vile vizito vyenye ukingo wa kijani. Mashine inanguruma, maziwa yanachemka. Halafu Lyle anakohoa, anasema, "Huu ni wa baba yangu." Halafu, wazi kabisa: ting.

Na karibu na ile maikrofoni ya juu ya kaunta, sauti ya mwanaume, ya chini, ya kwao Orangeburg:

"Vee, mvuke."

Sikupanga. Naapa sikupanga. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe, "Nimesikia, mzee," na palepale kutoka kwenye tepu ikatoka ileile, ya mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, ina haraka na imechoka kidogo kuambiwa. Tulisema pamoja, mimi na mimi. Kisha mvuke ukakata. Kikombe cha mwisho kikakaa. Chumba kile cha kwenye tepu kikanyamaza, na chumba cha ghorofa ya tatu nacho kikanyamaza, wajumbe, kwaya, Bwana Whitcomb na viatu vyake, na Lyle akaimba wimbo wa taa ya mchimbaji beti zote saba bila mtu kusogeza hata karatasi.

Ulipokwisha Bi DiSipio akavua miwani. "Mama Gadsden, kwa ajili ya kumbukumbu za baraza. Hiyo sauti ya mwanaume ni ya nani?"

Niliweka mkono kwenye Biblia.

"Ni Ransom Gadsden, mume wangu. Yeye ndiye aliyejenga lile jukwaa. Hapo alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mkono wa kushoto, na mimi nimefunga mvuke. Hii ni nyumba yangu."

Colleen alikuwa na karatasi mpya ya kiapo. Nikaisoma mara mbili. Nikamwambia aongeze kwamba nashuhudia utepe huu, si ile santuri yenye kelele za hoteli. Akaongeza kwa kalamu, nikatia sahihi. Bwana Whitcomb akauliza kama na lile daftari la kurasa arobaini na moja nililoliweka mezani ni ushahidi. Bi DiSipio akasema, "Sasa ndiyo," akalivuta upande wake.

Kura zilikuwa sita kwa tatu. Jengo halibomolewi.

Ola Mae alinikumbatia kwenye korido mpaka kofia yake ikanichoma sikio. "Nilijua tu, dada. Niliwaambia wote, Verlene anajua anachofanya."

"Uliwaambia lini?"

"Leo asubuhi."

Bwana Penzer alitaka kunipa nakala ya utepe niwe nao nyumbani. Nilikubali mmoja, nikauweka kwenye droo pamoja na Biblia ya Ransom, na sijaupiga bado. Santuri Colleen alitaka tuirudishe kwenye jalada lake ukutani, maana sasa ni mali ya historia. Nikamruhusu airudishe. Ijumaa hiyo mteja mmoja mgeni, amesoma gazeti, akaniomba tumpigie angalau upande mmoja.

"Hiyo haipigwi humu ndani," nikamwambia, na kabla hajauliza kwa nini, kengele ikalia, nikafunga mvuke.